Ufunguo wa Akiba

Mfamasia aliingia dukani bila salamu, akaweka kitasa juu ya meza ya kazi, katikati ya unga wa shaba uliomwagika tangu asubuhi. Alikuwa ameking'oa mwenyewe mlangoni kwake. Skrubu zilionyesha hivyo: vichwa vyake vilichubuka kama vimetafunwa, na kwenye kidole gumba cha mfamasia palikuwa na kidonda kibichi, mahali bisibisi ilipoteleza.

Mzee Komeo akazima mashine ya kuchonga funguo. Alishazoea watu kuingia bila salamu, maana mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake hana muda wa kuulizana hali. Akasogeza stuli, akasema karibu, mama. Mfamasia hakukaa.

Alieleza polepole, kwa sauti ileile anayotumia kumweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge. Asubuhi alikuta mlango wa duka lake la dawa umefungwa kama alivyouacha. Vioo vizima, bawaba nzima. Ndani, kabati la chuma la zile dawa ambazo hazitoki bila karatasi ya daktari nalo lilikuwa limefungwa. Alipolifungua, lilikuwa tupu. Mlango na kabati vyote vilikuwa na vitasa vya simu, vile vinavyofunguliwa kwa kugusa simu, kazi ya duka hili.

"Hakuna kilichovunjwa," alisema. "Mtu amefungua kwa adabu, akachukua, akafunga kwa adabu. Hata mimi mwenyewe sifungi vizuri hivyo."

Akatoa simu yake, akaigeuza ili wote waione. Vitasa vile hukumbuka kila aliyefungua, na wakati wake. Palikuwa na jina lake, jina la msaidizi wake, kisha, alfajiri ya siku hiyo, jina ambalo si la mtu wa dukani kwake. Fundi.

"Polisi wameniuliza Fundi ni nani. Nimewaambia watu wa duka lile si wezi, nawajua, nilikuwa nampelekea mama yao dawa kitandani mpaka siku ya mwisho. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu huu. Sasa nipeni sababu ya kuamini kwamba sikusema uongo."

Hakungoja jibu. Alitoka, kitasa akakiacha palepale.

Waliobaki dukani walikuwa watatu, na swali lile lingeweza kuwa la yeyote kati yao. Kulikuwa na Mzee Komeo mwenyewe. Kulikuwa na mwanawe wa kiume, ambaye siku duka lilipopata simu ya pili alibandika karatasi yenye neno MENEJA kwenye mlango wa chumba cha mafagio, akaanza kukaa humo. Watu walimwita Meneja kwa kumtania, naye akalipokea kama cheo. Na kulikuwa na binti, mdogo wake Meneja, aliyeitwa Bisibisi kwa sababu utotoni, wenzake walipolala na mwanasesere, yeye alilala na bisibisi mkononi na haikuwezekana kumnyang'anya mpaka usingizi umkolee.

Bisibisi ndiye aliyekiokota kitasa. Alikigeuza, akakipuliza unga, akakiunganisha na kompyuta ya duka. Hasira ilikuwa imeshampanda lakini bado haikuwa na pa kukaa. Alikasirika kwa kushukiwa, kisha akakasirika kwa sababu mfamasia hakuwashuku, na hilo la pili lilimuuma zaidi.

Ukutani, nyuma ya meza, kulikuwa na ubao mpana wenye misumari, na kwenye kila msumari ufunguo. Hiyo ilikuwa desturi ya Mzee Komeo tangu ujana wake. Kila kitasa kilichotoka mkononi mwake alikichongea ufunguo mmoja wa ziada, akautundika. Hakuandika jina la mtu wala la nyumba. Alitia alama kwa tupa kwenye shingo ya ufunguo, mkwaruzo hapa, pembe iliyolika pale, na alama hizo alizisoma yeye peke yake. Wateja walijua, na ndiyo sababu walimjia. Ufunguo ukidumbukia chooni, ukisahaulika safarini, mtoto akidaiwa kaumeza kumbe umo ndani ya kiatu, mtu alikimbia kwa Mzee Komeo, na kabla jasho halijamkauka mlango ulikuwa wazi. Mtaani walisema mzee huyu anaweza kuingia kila nyumba, lakini hata kwake anabisha hodi. Aliupenda utani huo. Alijifanya hausikii ili urudiwe.

Vitasa vya simu aliviingiza Bisibisi. Cha kwanza alikinunua kwa akiba yake mwenyewe, akakifumua mezani, akakirudishia, akakifumua tena, mpaka akajua kila kinachofanyika ndani yake mtu anapogusa simu. Alipoanza kuwaeleza wateja, walicheka. Walisema mlango unaokula betri siku moja utaomba vocha. Mfamasia peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alisema anataka kujua nani anaingia kwenye kabati lake na saa ngapi, na kama kitasa kinaweza kumwambia hivyo, kiletwe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwenye nyumba za kupanga anayeishi mbali alimfungulia fundi bomba akiwa hukohuko aliko. Mwoka mikate alipokea unga stoo bila kutoka kitandani. Wakili aliacha kugawa funguo kwa makarani waliokuwa wakiacha kazi wakaondoka nazo. Duka lililokuwa la mtaa mmoja likawa linaitwa upande wa pili wa mji. Tena sasa kulikuwa na hosteli ya wanafunzi wa uuguzi, wasichana watupu, iliyokuwa imeshawekewa vitasa kwa majaribio. Mwenye hosteli alikuwa nazo nyingine kadhaa, na keshokutwa angekuja kutia saini ili zote ziwekewe.

Siku kile kitasa cha kwanza kilipokuwa kinakwenda kufungwa kwa mfamasia, Mzee Komeo alisimama mlangoni akauliza swali moja tu: "Na wa akiba unatundikwa wapi?"

Wakamweleza kwamba hapa hakuna ufunguo. Akakunja mikono. Akasema hakijatoka kitasa dukani kwake bila ufunguo wa akiba na hakitatoka leo. Mtu akipoteza simu, atamkimbilia nani? Swali lilikuwa la haki. Ndipo wakaweka ndani ya kila kitasa akaunti moja ya ziada, wakaiita Fundi, ili mteja akikwama mzee amfungulie kwa simu yake. Bisibisi alikubali kwa sharti kwamba kila kitasa kiwe na neno lake la siri, kama vile kila ufunguo ukutani ulivyo na meno yake. Vya mwanzo alivitia maneno hayo yeye mwenyewe. Kisha kazi ikazidi, akabaki na kufumua na kuunda mezani, na kupita kwa wateja kukawa kazi ya kaka yake na vibarua.

Sasa kompyuta ilimwonyesha neno la siri la kitasa cha mfamasia, na halikuwa lile alilolitia.

Akafungua kitasa kingine kilichokuwa kimeletwa kutengenezwa. Neno lilelile. Akafungua cha tatu. Kisha akainuka, akaenda kwenye chumba cha mafagio, akasimama mlangoni.

Meneja hakuficha. Alisema kuna jioni mzee alisimama na mwenye duka la nguo kwenye mvua, mzee anajaribu maneno, hili silo, lile silo, mpaka mteja akaanza kuuliza kama hapa kuna fundi au kuna mganga. Mzee alirudi amelowa na hakusema na mtu. Basi yeye, Meneja, kila alipopita kwa mteja kubadilisha betri, alibadilisha na neno. Aliweka moja kwa vitasa vyote, ambalo baba yao hawezi kulisahau.

"Neno gani?" Bisibisi aliuliza, ingawa alikuwa ameshaliona.

Meneja akaelekeza kidevu nje. Lilikuwa jina la duka, lililoandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu, herufi ndefu kuliko mkono wa mtu.

Na vibarua? Vibarua nao alikuwa amewapa, wangefanyaje kazi bila hilo? Mmoja wao aliliweka kwenye kundi lao la kwenye simu, wasije wakalisahau. Baadhi ya vibarua hao walikuwa wameshaondoka, na wengine Meneja hakumbuki sawasawa walikuwa nani.

Bisibisi alirudi kwenye kompyuta. Aliita kumbukumbu za vitasa vyote, akatafuta jina moja tu, Fundi. Simu ya baba yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, imezimwa ndani ya droo tangu wiki iliyopita. Kwa hiyo kila penye jina hilo wiki hii, hapakuwa na fundi. Akaona stoo ya mwoka mikate, imefunguliwa, imefungwa. Akaona ofisi ya wakili. Akaona nyumba mbili za kupanga. Zote zilifunguliwa kwa muda wa pumzi moja, zikafungwa, kama mtu anayepita barabarani akijaribu vishikio vya milango. Ya mwisho ilikuwa alfajiri hiyohiyo, baada ya duka la dawa. Ilikuwa hosteli. Mlango wa nyuma, ule wa upande wa mabafu.

Akamwita kaka yake na baba yake, akawaonyesha kwa kidole.

Meneja alikuwa wa kwanza kusema, na hakusema kama mtu mbaya. Alisema tusikurupuke. Alitaja wanaokula kutokana na duka hili: vibarua, watoto wake, macho ya mzee yanayohitaji daktari. Alimwambia dada yake afute hiyo akaunti sasa hivi kwenye kompyuta, yaishe. Bisibisi akamkumbusha kwamba akaunti imo ndani ya kitasa chenyewe. Hakuna kuifuta bila kufika mlangoni, kufungua kifuniko kwa ndani, na mwenye mlango kukubali kwa simu yake. Haiwezekani kufanya hivyo pasipo yeye kujua.

"Ajue, lakini ajue kidogo," Meneja alisema. "Keshokutwa tunasaini. Tukishasaini tunapita mlango kwa mlango, tunasema ni matengenezo ya kawaida. Nani ataumia?"

"Wasichana wanalala nyuma ya ule mlango, kaka."

"Basi nitakwenda mimi kulala nje pale. Leo na kesho. Nitaulinda."

"Utaulinda mlango ambao ufunguo wake umeugawa mji mzima."

Meneja akasema dada yake siku zote anapenda kukuza mambo. Bisibisi akasema ukiwaambia watu ni matengenezo ya kawaida, hakuna atakayegeuka kutazama kilichopotea wala kuuliza nani aliingia, na huko ni kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa huku mwizi akiwa sebuleni. Alikuwa bado anasema kwa sauti ya chini.

Hapo Mzee Komeo akazungumza. Alisema yeye haoni kosa la duka. Alisema mfamasia amwangalie vizuri msaidizi wake. Alisema ufunguo wa akiba si wizi. Ametundika funguo za watu miaka yote hii, za matajiri na za maskini, za wanaopendana naye na za wasiompenda, na haujapotea hata mmoja. Akaunyooshea mkono ukuta wake.

"Huu haujaibiwa," alisema. "Mmewahi kusikia umeibiwa?"

Bisibisi hakuwahi kumpazia sauti baba yake. Hata walipomzika mama na wakagombana juu ya kila kitu, hakumpazia. Sasa sauti ilimtoka mpaka mpita njia akasimama.

"Ukuta wako ulikuwa na wewe mbele yake, baba. Mtu alitakiwa aingie humu, akupite wewe, halafu ajue upi ni wa mlango gani. Ule tuliouweka kwenye vitasa hauna mtu mbele yake. Umetundikwa barabarani. Kila mwenye simu anaufikia, akiwa kitandani kwake, na tumeuandikia jina kwa rangi nyekundu."

Mzee alimtazama kama anayemtazama mgeni. Akasema polepole kwamba hajazaa mtoto wa kumfokea ndani ya duka lake. Akageuka, akakabili ubao, akawapa mgongo.

Bisibisi akachukua simu, akampigia mfamasia. Meneja alipoona ni namba gani, alinyoosha mkono amnyang'anye. Yeye akazunguka upande wa pili wa meza. Alimweleza mfamasia yote aliyokuwa ameyaona. Alisema aliyeiba bado hatujamjua, lakini waliompa ufunguo ni sisi, na awaambie polisi hivyohivyo.

"Afadhali mngekuwa wezi," mfamasia alisema. "Mwizi ningemchukia, nikapumzika."

Akakata.

Bisibisi alijaza mkoba wake, akaondoka kwa miguu. Hosteli haikuwa mbali, na jua lilikuwa bado kali. Njiani hasira ilimgeuka mara nyingi. Mara ilikuwa ya kaka yake, aliyeona mvua ya jioni moja ni aibu kubwa kuliko hii. Mara ya baba yake na ubao wake. Mara ilimrudia mwenyewe, aliyefurahia kazi ya mezani na asiulize huko milangoni kunakwendaje. Kila alipotaka kuiacha kwa mmoja, ilimkatalia.

Mlezi wa hosteli alimpokea uani, mahali wasichana walipokuwa wakianika sare zao nyeupe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye rundo la funguo kiunoni ambazo siku hizi hazikufungua chochote. Alizivaa kwa mazoea, na wasichana walifurahia kusikia anakotokea. Alidhani Bisibisi amekuja kwa mambo ya saini. Akaanza kusifia vitasa, namna asivyoamka tena kumfungulia anayetoka zamu ya usiku.

Bisibisi alimwacha amalize. Kisha akamwambia.

Mlezi aliketi kwenye ngazi. Akamtaka arudie, akarudia. Akauliza kama ni mlango huu wa nyuma, huu hapa, akajibiwa ndiyo, huo. Basi akawaita wasichana waliokuwapo, akawauliza kama kuna aliyeona au kusikia kitu alfajiri. Wengi walitikisa kichwa. Mmoja, mwembamba, aliyekuwa na vibanio vya nguo mdomoni, akavitoa kimoja kimoja.

"Mimi nilikuwa bafuni," alisema. "Nikasikia kitasa kinalia. Nikajua ni mwenzetu anatoka zamu. Nikamwambia funga mlango, baridi inaingia."

"Ikawaje?" mlezi aliuliza.

"Akafunga."

Sare zilikuwa zinadondosha maji kwenye saruji. Yule msichana akawatazama mmoja baada ya mwingine, akielewa kidogo kidogo, kisha akauliza usiku uliopita nani alikuwa zamu. Hakuna aliyekuwa zamu.

Mlezi alipoinuka kwenye ngazi hakuwa yule aliyeketi. Alimwambia Bisibisi maneno mengi, na Bisibisi hakurudisha hata moja. Aliulizwa kama yeye ana mlango kwake, kama analala vizuri. Aliulizwa kama walikuja hapa kufunga vitasa au kufunga macho ya watu. Katikati ya maneno hayo simu ya mlezi ikaita. Akasikiliza, akasema ndiyo bwana, akasema yupo hapa bwana, kisha akamtazama Bisibisi kwa jicho jipya.

"Ni mwenye hosteli. Kaka yako amempigia. Amesema dada yake ana wasiwasi kupita kiasi, anatia chumvi, na kwamba haya ni matengenezo ya kawaida."

Bisibisi akaomba simu. Sauti yake ilikuwa imerudi chini, ile ya mezani. Alimwambia mwenye hosteli kwamba alfajiri ya leo mtu asiyejulikana amefungua mlango wa wasichana kwa neno la siri lililotoka dukani kwao, kwamba kuna msichana aliyeongea naye, na kwamba yeye sasa hivi anakwenda kuving'oa vitasa vyote, mwenye hosteli akubali au asikubali. Akikubali, agonge kwenye simu yake kila kitakapomwuliza, ili akaunti ifutwe kabisa. Akasema pia kwamba saini ya keshokutwa anajua haipo tena.

Mwenye hosteli akauliza jambo moja tu, kama vitu hivi basi ni vya hovyo.

"Havina ubaya," alisema. "Bila vyenyewe tusingejua kama kuna mtu aliingia. Tulioviweka ndio tuliharibu."

Alianza na mlango wa nyuma. Wasichana walikaa kwenye ngazi wakimtazama, sare zao mapajani. Aliondoa kifuniko, akasubiri mwenye hosteli agonge, akafuta, akatoa skrubu bila kuzichubua hata moja. Mlangoni palibaki tundu la mviringo, na mwanga wa uani ukapita humo ukaangukia sakafu ya korido. Msichana mwembamba alilitazama tundu lile, akauliza kama leo watalala hivyohivyo.

Bisibisi aliutazama mkoba wake. Alikuwa amekuja na vifaa vya kung'olea. Vya kufungia hakuleta.

Ndipo wakasikia hodi getini. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mtu akingoja kila mara, ingawa geti lilikuwa wazi na kila mtu alikuwa anamwona. Mzee Komeo aliingia na sanduku la chuma begani, lile la vitasa vya zamani lililokuwa likikaa chini ya meza na kujaa vumbi. Akawasalimia wasichana. Akamsalimia mlezi, ambaye hakuitikia. Hakumtazama binti yake. Alipiga magoti mbele ya tundu, akalipima kwa dole gumba, akachagua kitasa, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

Bisibisi akamwekea patasi mkononi.

Walifanya kazi bila kusemezana mpaka milango yote ikapata kitasa cha chuma. Palipohitaji mbao, walijazia mbao. Mzee aliichonga kwa mkono, na pale macho yalipomdanganya, alimwachia binti yake nafasi bila kumwomba, naye akaichukua bila kusema. Mlezi aliwafuata mlango kwa mlango akiwa amekunja uso. Kwa kila mlango alipokea funguo zake, akazijaribu mwenyewe, kutoka nje na kutoka ndani, kisha akazipachika kiunoni.

Mlango wa nyuma aliuacha ujaribiwe mwisho. Akazijaribu funguo zake, akauliza kama ni zote.

Mzee Komeo alipangusa mikono kwenye suruali. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa ufunguo mmoja zaidi, na kutoka mfuko huohuo akatoa na za milango mingine, zote. Bisibisi aliona shingo zake zikiwa na alama mbichi za tupa. Alikuwa ameshazitia, kwa mazoea, kabla hajatoka dukani.

"Hizi ni za akiba," alisema. "Zingekaa kwangu, ukutani. Kaa nazo wewe."

Mlezi akazipokea. Hakusema asante. Alisema kwamba kesho ataita fundi wa duka lingine aje kukagua, ili awe na uhakika, na Mzee Komeo akasema ni sawa, hata yeye angefanya hivyo.

Nje ya geti mzee alisimama kupumua. Alikuwa amechoka, na vumbi la mbao lilimtia mvi hata kwenye nyusi.

"Usidhani nimesahau," alisema. "Umenifokea mbele ya ukuta wangu."

"Nimekufokea, baba. Na kaka nikimkuta nitamfokea mpaka majirani wasikie."

"Huyo mfokee. Nami nitakuwepo." Akatazama jua lilikofika. "Mwoka mikate anafunga mapema. Tuanze na yeye, kisha wakili."

"Atatufukuza."

Mzee akainama, akashika sanduku upande mmoja, akamwachia binti yake ule wa pili.

"Atufukuze," alisema, "mlango wake ukiwa umeshafungwa kitasa."